Yule Anayeniulizia

Kwako mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mguu wako wa kukanyagia cherehani umeacha kuvimba. Baba mdogo naye, kikohozi kimemwachia? Na wadogo zangu, bado wanagombania kitanda cha dirishani? Mimi huku mwili hauna neno. Nakula, nakimbia, nalala, ingawa usingizi wenyewe siku hizi naupata kwa kuibia.

Kabla hujaendelea, mama, naomba uingie chumba cha nyuma, kule unakotundika nguo zilizokwisha, ushushe pazia. Kama kuna mtu dukani, mwambie shangazi amekuja na maneno ya kifamilia. Usisome kwa sauti. Shangazi, aliyekuletea barua hii, nimemkataza asikueleze kwa mdomo, maana unamjua, hadithi huianzia mkiani, nawe ungeshtuka kabla hujaelewa. Tena anaongea kama vile wagonjwa wote wa wodini kwake ni viziwi.

Najua unajiuliza kwa nini sikupiga simu. Nitafika hapo.

Unamkumbuka yule dada wa mitandao ambaye klabu ilituletea mwanzoni mwa mwaka. Alitukalisha kwenye chumba cha kunyanyulia vyuma akatuambia mbio peke yake hazitoshi, mwanariadha lazima ajijengee jina, na jina halijengwi kwa picha za medali bali kwa maisha yenyewe. Alisema watu wamechoka kudanganywa, wanataka kukuona unavyoamka, unavyochechemea, unavyolia ukishindwa. Wenzangu wakajirekodi wakifua na kupika. Mimi nilikosa cha kuonyesha, hivyo nilipokuja likizo nikakurekodi wewe ukishona, huku ukieleza jinsi bukta yangu ya kwanza ya kukimbilia ulivyoikata kwenye pazia la sebuleni, baba mdogo akarudi kutoka kazini akakuta dirisha liko uchi. Watu waliipenda ile video kuliko mbio zangu zote. Wakanipachika jina, Binti wa Fundi. Dada wa mitandao akasema huo ndio ukweli wenyewe unaotakiwa, akanihimiza nikufungulie na wewe ukurasa wako, watu wakufikie moja kwa moja. Nikakufungulia. Wateja wakaongezeka dukani, nami nikawa natembea kifua mbele.

Hofu ilianza na ujumbe mmoja mfupi. Mtu asiyeonyesha uso, ameweka picha ya viatu tu, aliniuliza goti la kushoto limeamkaje. Goti lile sikuwahi kulitaja mtandaoni, kocha alinikataza kabisa, na hapa kambini walilijua yeye, mkandaji wetu, na mwenzangu wa chumbani, yule mrusha mkuki. Nikamfungia yule mtu. Akarudi kwa jina jingine, akasema pazia jipya la kijani limekipendeza chumba changu. Pazia ambalo ulinitumia wewe, mama, na nilikuwa sijalipiga picha hata moja.

Nikaacha kuonyesha chumba, nikaacha kuonyesha njia tunazokimbia. Dada wa mitandao alilalamika kwamba nikijificha watu watanisahau. Nilimwambia ningefurahi sana kusahauliwa, akadhani namtania.

Kocha akatuhamishia barabara ya nyuma ya maghala, na hakuna aliyetangaza. Haikupita wiki, kwenye nguzo ya taa ninayoegemea kunyoosha misuli, nikakuta jozi ya kamba za viatu, mpya, za njano kama zangu, zimefungwa vizuri kama zawadi. Nilizitupa mtaroni, nikarudi kambini kwa mbio ambazo sijawahi kukimbia hata kwenye mashindano.

Nikamshuku mrusha mkuki. Nilimwita msaliti mbele ya timu nzima. Alikunja godoro lake akahamia chumba cha warusha tufe. Tangu hapo nikawa nalala na kiti nimekiegemeza mlangoni, nasikiliza kila kiatu kinachopita koridoni.

Halafu juzi ukapiga simu. Kama kawaida yako uliiweka kwenye spika, mikono iko kwenye kitambaa, cherehani inanguruma. Ukaniambia una habari njema, kwamba yule mteja wako mpole, anayeleta suruali za kupunguza kila mara, anayekushikia simu na kukusomea ujumbe ukiwa na kazi, amejitolea kukuleta kwa gari lake Jumamosi uone mbio zangu za mchujo. Ukasema mtu mwenye adabu kama yule hajawahi kukalia benchi lako. Nilifurahi, mama, kwamba hutabanana na watu kwenye basi. Ndipo nikasikia sauti ya mwanaume nyuma yako, ya upole kweli, ikikuomba uniulize kama zile kamba za viatu nilizipata.

Ukaniuliza, tena kwa furaha. Nikajibu kwamba nimezipata, nashukuru. Ningesema nini, naye ananisikia? Alikuwa karibu nawe kiasi cha kuweza kukushika bega, na mimi niko mbali, nimeshika simu.

Nilipokata nilifungua ukurasa wako, ambao kusema kweli sikuwa nausoma. Nikausoma wote. Huyo mwenye picha ya viatu amekuamkia kila asubuhi. Anakupa shikamoo, anakuuliza mguu, ndipo anauliza mwanariadha wetu ameamkaje. Nawe umemwitikia marahaba, ukamweleza goti ni la kushoto na asubuhi huwa zito, ukamweleza umenitumia pazia la kijani, ukamweleza kwamba maskini tumehamishiwa nyuma ya maghala na vumbi lote lile. Alipojua duka lilipo, akaja na suruali.

Sikulaumu, mama. Wewe mtu akikosea namba akakupigia, mnaagana mkiwa mmeshajuliana hadi watoto. Kwako anayeamkia huitikiwa, na anayemuulizia mwanao hali hupewa hali. Mimi ndiye niliyekuweka hadharani, nikakuambia wote wale ni marafiki zetu, na mrusha mkuki wa watu nikamvunjia heshima bure. Nimemwomba msamaha. Alilia, nami nikalia, kisha akarudisha godoro. Sasa mkuki wake ndio umeegemea mlangoni badala ya kiti.

Basi nisikilize. Usipande gari la yule mtu. Hata mvua inyeshe, hata aseme ni mimi niliyemtuma. Kocha ameshafikisha habari polisi na ujumbe wote wameuona, na namba ya kuwapigia anayo shangazi. Kama leo hajaja, funga duka mwende nyumbani kwa shangazi. Kama amekuja, kama ndiye uliyemwacha kwenye benchi ulipokuwa unashusha pazia, usirudi kule mbele. Huwezi kuficha kitu usoni, mama, hujawahi kuweza. Tokeni kwa mlango wa uani, wewe na shangazi. Cherehani iache. Simu nayo, kama ameishika yeye, mwachie; ndiyo maana sikukupigia. Baba mdogo anajua, na wadogo zangu atawachukua yeye shuleni.

Jumamosi nitakimbia. Naogopa, sikufichi, na sijui kama nitakuwa nashindana au namkimbia mtu. Nikimaliza nitatafuta uso mmoja tu pale jukwaani, nao nataka niuone katikati ya shangazi na baba mdogo.

Barua zangu huwa nazimaliza kwa kukuomba unisalimie wote wanaoniulizia. Hii ya leo nisalimie wadogo zangu na baba mdogo, basi. Anayeniulizia usimsalimie.

Ni mimi,
mwanao wa kwanza.