Mama Alivyokuwa Akiinuka

Kwako kitindamimba wetu,

Natumai barua hii inakukuta na afya njema, wewe na shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo. Mume wangu bado anakoroma na bado anakataa kwamba anakoroma.

Najua uliondoka hapa na wasiwasi. Uliniona nikishindwa kunyanyua mikono kufikia kichwa cha mteja, nikasingizia kwamba nimelala vibaya. Basi pokea habari njema: nasuka tena. Si kutwa nzima kama zamani, lakini nasuka, na wateja wangu wamerudi saluni na umbea wao wote.

Mwanzoni, usinicheke, nilijitibu mwenyewe. Nilijiambia mwili umezubaa, dawa yake ni kuutumikisha. Kila asubuhi nikawa nabeba ndoo za maji, moja huku na nyingine huku, nazunguka ua mpaka mikono inatetemeka. Kadiri nilivyolegea ndivyo nilivyozidisha maji. Siku niliposhindwa hata kushika kitana, mume wangu alinipeleka hospitali bila kuniomba ruhusa.

Baada ya vipimo nikakabidhiwa kwa mama mmoja wa mazoezi ya viungo. Wagonjwa tunamwita Mama Polepole, kwa kuwa neno hilo halimtoki mdomoni. Nilipomsimulia habari za ndoo alishika kichwa. Alisema misuli yangu ni kama kanzu iliyochakaa: ukiifua kwa kuipigapiga unaimaliza, ukiifua taratibu utaivaa miaka. Mazoezi ananipa, ila mepesi, na natakiwa niache kabla sijachoka. Mimi niliyelelewa kwa msemo wa "asiyefanya kazi na asile", leo naamriwa kupumzika.

Kisha akaja saluni, akakaa pembeni akinitazama nikisuka. Mteja akashushwa kwenye kigoda, mimi nikapandishwa kiti, viwiko vyangu vikalazwa juu ya meza ndogo yenye mto. Mteja mmoja, bibi wa maringo, alinung'unika kuwa hakuja kukalishwa chini kama mtoto. Alipomaliza kusukwa na kujiona kwenye kioo, akaanza kujigeuzageuza. Siku hiyo nililia kwa furaha, mdogo wangu. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta wa kumuuzia vioo vya saluni.

Ugonjwa wenyewe, huu wa misuli kudhoofika, hauponi. Daktari alinieleza hilo bila kuzunguka. Ila ukijulikana mapema unaweza kuishi nao vizuri. Akasema pia kwamba ni wa kurithi, akauliza nani mwingine katika ukoo wetu alikuwa nao. Nikamkumbuka marehemu mama, jinsi alivyokuwa akiinuka mkekani: mikono kwanza sakafuni, kisha magotini, kisha mapajani, kama anayejipanda mwenyewe. Sisi tulidhani ni madaha. Tulikuwa tukimwigiza nyuma ya mlango na kucheka mpaka machozi.

Sasa nifike nilikokuwa nakwenda. Asubuhi ile ya safari yako ulikuwa umekaa chini ukifunga mizigo. Ukawaita watoto, ukainuka. Niliona mkono wako ukishika goti, kisha ukishika paja, kisha na wa pili. Na hukuwa ukimwigiza mama.

Wakati ule sikujua nilichokuwa nakitazama. Leo najua, na nikinyamaza sitakuwa dada. Nilimweleza Mama Polepole, naye akanijibu neno moja tu: "Mlete kabla hajaanza kubeba ndoo."

Huenda nimeona vibaya, na nikiwa nimekosea nitakuwa wa kwanza kushangilia. Lakini njoo upimwe. Kitanda kipo, na usiogope: mimi hapa nacheka, nakula, nagombana na mume wangu, na kichwa cha mtu kinanisubiri kigodani ninavyoandika.

Msalimie sana shemeji, watoto nawabusu. Nimeanza kwa kukutakia afya njema, na najua utataka kunijibu kwamba u mzima wa afya, kama ilivyo ada. Safari hii usinijibu hivyo. Kaa chini kwanza, uinuke, ndipo uniandikie.

Dada yako akupendaye,
Msusi