Picha Nzima ya Waliolala

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa kituoni, chumba namba 3, siku ya Ijumaa tarehe 14 mwezi wa tisa, kuanzia saa nne na robo asubuhi.

Jina: limehifadhiwa kwenye jalada kwa ombi la shahidi.
Umri: miaka 44.
Kazi: msahihishaji wa maandishi, kiwanda cha uchapaji.
Makazi: jengo la ghorofa, ghorofa ya pili, mlango namba 6. Anaishi na mama yake mzazi, miaka 71, opereta wa simu mstaafu.

Nimeelezwa kwamba kusema uongo hapa ni kosa. Nimeelewa na ninasema kwa hiari yangu.

Kazi ninayolipwa ni kusahihisha vitabu kabla havijachapwa. Ninayo nyingine ya kujitolea, mwaka wa sita sasa. Ipo kamusi elezo ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuandika makala na kuweka picha. Mimi hukagua picha. Watu wengi huchukua picha za magazeti na za wenzao, wakaziweka pale na kuandika "kazi yangu mwenyewe". Nikimtilia mtu shaka, humwandikia alete ushahidi. Asipoleta ndani ya siku saba, picha inafutwa. Kanuni yetu kubwa ni kwamba picha ni mali ya aliyeipiga, siyo ya aliyepigwa. Nimewaandikia watu sentensi hiyo mara nyingi mno, wala haikuwahi kunisumbua.

Mnamo Jumanne tarehe 4, saa moja na dakika arobaini jioni, tulikuwa tumekwisha kula. Mama alikuwa kwenye kochi anasikiliza redio, mimi nipo mezani na kompyuta yangu. Kwenye makala ya "Usingizi" nilikuta picha mpya. Ilionyesha shavu la mtu mzima, sikio, jicho lililofumba na kipande cha mto wa mistari. Mwanga wa dirishani ulikuwa umeilalia ngozi ile hadi ungeweza kuhesabu mikunjo. Aliyeipakia alijiita Mchana Mwema. Aliandika: kazi yangu mwenyewe.

Sikumwamini, kwa sababu picha ilikuwa nzuri kupita kiasi. Nikadhani imetoka kwenye jarida. Nikamwandikia kama ninavyowaandikia wote, alete picha nzima kama ilivyotoka kwenye kamera, haijakatwa popote, pamoja na tarehe na saa iliyopigwa. Naomba iandikwe kwamba sikumtambua mama yangu. Alikuwa hatua nne nyuma yangu, na mimi natazama sikio lake na kumtaka mtu baki athibitishe kwamba ni lake.

Kabla ya kuzima kompyuta nilipitia picha zake nyingine. Zilikuwa thelathini na moja, zote za watu waliolala, zote za mchana. Mwanamke ameegemeza kichwa kwenye cherehani. Mwanamume kwenye kochi, soksi moja imemtoka. Baba na mtoto mchanga, wote midomo wazi. Wasomaji walikuwa wamemsifu sana. Mmoja aliuliza, "Umewapataje bila hata mmoja kushtuka?" Hakujibiwa.

Jumatano tarehe 5, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuta jibu lake. Aliandika: "Ndugu mkaguzi, una haki ya kuuliza, wezi wamekuwa wengi. Picha ni yangu na nzima ninayo. Nivumilie hadi kesho, leo nina kazi za watu." Nilimpenda kwa adabu yake. Hilo nalo liandikwe.

Alhamisi tarehe 6, saa saba na robo mchana, nilikuwa ofisini, wenzangu wametoka kwenda kula. Picha nzima ilikuwa imefika, nikaifungua.

Niliona kitanda cha mama. Niliona kigoda chake cha plastiki chenye dawa na glasi ya maji. Mama amelala ubavu, mkono chini ya shavu. Na kwenye kiti cha dirishani alikuwepo mwanamke mwingine, kichwa kimeanguka begani, karatasi mapajani, kalamu nyekundu bado iko vidoleni. Nilimtazama kwa muda. Nilimjua kwa viatu vyake, kwa sababu nilikuwa nimevivaa.

Afande ameniuliza picha ilipigwa lini. Ni Jumamosi tarehe 1, saa nane na dakika ishirini na mbili mchana. Siku hiyo nilimsomea mama hadi akalala, na mimi nikapitiwa. Mlango nilikuwa nimeufunga kwa ufunguo. Lakini kabati la mama lina kioo, na kwenye kioo unaonekana ukumbi, na mwisho wa ukumbi mlango wetu mkubwa uko wazi kabisa. Mtu haonekani. Alijua pa kusimama.

Nilimpigia mama simu.

"Mama, upo?"

"Sasa niwe wapi, nimehamia mwezini?"

"Mlango umefungwa?"

"Umefungwa. Ndiyo kwanza nataka kujinyoosha kidogo."

"Usilale, mama."

"Mwanangu, yaani sasa hata usingizi unanikataza kwa simu?"

"Tafadhali. Kaa jikoni, ongea na mimi mpaka nifike."

Mlinzi wa getini nilimwaga kwa ishara tu. Njia nzima mama alinihesabia vijiko.

Nilipofika nilimwonyesha picha. Macho yake yamepungua nguvu, akaisogeza karibu na pua. Akacheka kwanza. "Huyu ni wewe. Na hapo unakoroma, nakujua." Kisha akaisogeza mbali. Akauliza, "Aliyekuwa amesimama hapa ni nani?"

Nikamwambia sijui.

Mama alikaa miaka ishirini na nane kwenye mitambo ya simu. Masikio yake hayajazeeka. Akasema polepole, "Huwa namsikia. Mchana nikiwa nusu nimelala. Kitu kinasema tk. Kinakaa, halafu tk tena. Nilidhani ni saa ya ukutani."

"Saa ile imekufa tangu mwaka juzi, mama."

"Ndiyo maana nasema nilidhani."

Jioni ile nilimpigia fundi vitasa aliyetuwekea kitasa kipya mwezi wa saba. Nikamwomba aje atubadilishie. Akauliza kina shida gani, nikamwambia hakina shida, nataka kingine tu. Akasema, "Nitakuja Jumamosi saa nane, dada. Mama atakuwa amepumzika, hatutamsumbua. Vitasa vyangu havina kelele." Nikamshukuru.

Usiku huohuo nilimwandikia mkabidhi wa kamusi, yaani mwenye uwezo wa kufuta. Sijawahi kuonana naye. Sisi wenzake tunamwita Bwana Kanuni. Nikamwambia afute picha ile mara moja.

Akajibu: "Dada, umemtaka ushahidi, ameleta. Haki miliki ni yake. Tunaifuta kwa kosa gani?"

Nikaandika: "Aliyelala kwenye kiti ni mimi. Aliyelala kitandani ni mama yangu. Hatumjui mtu huyu."

 Kisha akaandika, "Nisamehe. Sitaifuta, maana nikiifuta utakosa cha kuonyesha polisi. Nitaificha isionekane na watu, lakini ibaki. Naomba leo usilale peke yako." Bwana Kanuni hajawahi kumwandikia mtu yeyote jambo lisilo la kanuni.

Ijumaa tarehe 7, saa mbili asubuhi, nilikuja kituoni hapa. Afande wa kaunta aliniuliza kilichoibwa. Nikasema hakuna. Akauliza kama tulimwona aliyeingia. Nikasema tulikuwa tumelala. Aliandika, lakini niliona ameandika kwa kunihurumia. Akaniambia nikipata kitu kingine nilete.

Nikafikiri, kitu kingine nitakipata wapi zaidi ya kwake mwenyewe? Saa tatu asubuhi nilibandika tangazo langu la kudai ushahidi kwenye picha zake zote zilizobaki. Maneno yaleyale, kana kwamba sijaona kitu. Nilijua mtu huyu anapenda kuonekana msafi. Hadi Jumamosi alfajiri alikuwa ameleta picha nzima kumi na tisa, moja baada ya nyingine, kila moja na tarehe yake, akimalizia na "asante kwa uangalifu wako".

Nilizitazama zote. Niliona vyumba vya watu nisiowajua, vyombo vyao visivyooshwa, nguo zao za ndani kwenye kamba, dawa zao. Wenyewe wamelala. Nilikuwa natafuta msaada, lakini na mimi pia niliingia humo bila hodi, na ni mimi niliyeomba nifunguliwe. Sijui jambo hilo sheria inaliitaje.

Kwenye picha mbili, pembeni chini, palikuwa na mkoba wa turubai wa kijani wenye kiraka cha ngozi. Mkoba ule ulikaa kwenye ukumbi wetu kwa muda wa saa tatu nzima mwezi wa saba. Nilipokwenda kumpa fundi maji, niliuruka. Hapo ndipo maneno yake ya simu yaliponirudia. Si mimi wala mama aliyewahi kumwambia mama analala saa ngapi.

Jumamosi tarehe 8, saa tatu asubuhi, nilirudi hapa na picha hizo nimezichapa. Safari hii afande wa kaunta hakunihurumia. Alisimama.

Saa saba na nusu mchana maafisa wawili, wamevaa kiraia, waliingia kwetu. Mmoja ndiye huyu anayeandika maelezo haya. Walikaa ukumbini, nyuma ya pazia la jikoni. Mama alitakiwa akae kwa jirani, akakataa. Akasema, "Kitanda ni changu. Nitalala kama kawaida yangu na nitamsikiliza." Akajilaza. Mimi nikakaa kwenye kiti cha dirishani, nikafumba macho. Sijawahi kufanya jambo gumu kama lile, kufumba macho ukiwa umeamka.

Palikuwa kimya. Chini uani mtu alikuwa anaosha ndoo. Nilisubiri hodi, maana alikuwa ameahidiwa kazi, alikuwa na kila sababu ya kubisha. Hakubisha. Kitasa hakikusema kitu. Nilichosikia ni hewa ya ukumbini kubadilika, kama mtu amefungua friji, na mama akasema kwa sauti ndogo sana, bila kusogeza midomo, "Ameingia."

Nilifumbua macho. Fundi alikuwa amesimama mlangoni pa chumba, miguu mitupu, viatu mkononi, na mkoba begani. Ni mtu wa umri wangu hivi, uso mpole, shati lake limepigwa pasi vizuri. Alinitazama, akamtazama mama ambaye alikuwa ameketi sasa. Akasema, "Samahani. Nilidhani mmelala."

Maafisa walimshika. Hakupigana. Kamera ilikuwa mkobani, imefungwa kwenye taulo safi. Palikuwa na shada la funguo sitini na tatu, kila ufunguo na karatasi ndogo. Hapakuwa na jina wala namba ya nyumba, ila saa tu. Saa saba na nusu. Saa tisa. Saa kumi kasorobo. Wetu uliandikwa saa nane.

Afisa alimwambia anatuhumiwa nini. Yeye akaonekana kutoelewa kwa dhati. Akasema, "Lakini picha ni zangu. Niliombwa ushahidi, nikatoa." Kisha akanigeukia. "Kumbe mkaguzi ni wewe?"

Nilinyanyuka kitini.

Akasema, "Wengine wote walitosheka na kipande. Wewe tu ndiye uliyetaka kuona nzima." Alisema hivyo kama mtu anayetoa shukrani. Wakamtoa.

Afande ameniuliza kama alitugusa au alichukua kitu. Sikuona dalili hiyo. Ameniuliza kama ninamfahamu mtu mwingine yeyote kwenye picha zile. Simfahamu. Nimesikia kwamba maafisa wanapita nyumba kwa nyumba na funguo zile wakijaribu milango, na kwamba wapo waliokataa kuonyeshwa.

Sasa ninalala chumba kimoja na mama. Tumeweka komeo la chuma, jirani seremala ndiye aliyelifunga. Mama halali tena mchana. Saa nane ikifika hukaa wima kitandani, mikono magotini, anasikiliza. Nikimwambia mtu huyo yuko mahabusu, husema, "Najua. Masikio ndiyo hayajui."

Lipo jambo moja la mwisho. Jumanne ya wiki hii mama aliniuliza kama anaweza kupata nakala ya picha ile. Nilidhani hajanielewa. Akasema, "Nimekuelewa vizuri. Ila sisi wawili hatuna picha. Mimi na wewe, tangu umekuwa mtu mzima, hatuna hata moja. Na ile tumetoka vizuri."

Nilimwambia haiwezekani. Nilimweleza kwamba kwa kanuni picha ni mali ya aliyeipiga, na kuitundika ukutani tungehitaji ruhusa yake. Mama akauliza, "Yeye aliomba ya nani?"  Sitamwandikia kumwomba. Lakini nami nasema kweli mbele ya afande, kwamba tumetoka vizuri.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mimi mwenyewe. Mengine siyajui.

Saini ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya mwandishi: Shahidi amesomewa maelezo haya, akakubali kuwa ni sahihi, na kutia saini mbele yangu saa sita na dakika kumi mchana. Kielelezo namba 4, picha nzima iliyochapwa, nakala moja, kimetiwa kwenye bahasha. Kabla sijaifunga, shahidi aliomba kukitazama tena. Nilimruhusu. Alikitazama kwa dakika nne, akakirudisha mwenyewe.