Mawe Kiunoni Siku ya Mizani

Mpendwa dada yangu Salima,

Barua hii sitaitia kwenye bahasha. Huko uliko hakuna tarishi anayefika, na walio hai ndio wanaotakiwa kuisikia kuliko wewe. Nitampa mwalimu wa darasa letu la watu wazima aisome siku ya kliniki, wanawake wakiwa wamekaa kwenye mabenchi wakisubiri kupimwa. Atakayeona nimemvunjia heshima mama mkwe wako, na aone. Nimenyamaza vya kutosha.

Nina hasira, dada. Nilidhani imekwisha, maana vita vya Wazungu vimeanza na kuisha, na mumeo alirudi kutoka kwenye mkonge wa Tanga akaoa mwingine. Kumbe ilikuwa imelala tu. Imeamshwa na bakuli la uji.

Nikupe kwanza habari za mwanao. Mwanaidi, yule kichanga uliyemwacha amefungwa kwenye kipande cha kaniki yako, sasa ni mke wa mtu na ana mimba yake ya kwanza. Kwa kuwa wewe hupo, alipelekwa Ihanja kwa bibi yake aliyemlea, huyo mama mkwe wako, ajifungulie huko. Niliposikia, nikafunga karanga na mlenda mkavu nikaenda kumsalimia. Nikamkuta amekaa mlangoni mwa tembe, mifupa ya mabega imechomoza, tumbo limesimama mbele peke yake. Mkononi ana kibakuli cha mtoto, na ndani yake uji mwepesi ambao ungeweza kuona chini.

"Ndicho chakula cha asubuhi hicho?" nikamuuliza.

"Ndicho cha mpaka jioni, mama mdogo," akasema, tena anacheka.

Kucheka kule ni kwako. Hapo ndipo damu iliponipanda kichwani.

Bibi yake akatoka ndani. Amezeeka, mgongo umeinama, lakini sauti ni ile ile. Nikamwamkia, nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, akaniletea kigoda. Nikamuuliza kwa adabu mbona Mwanaidi amekonda hivi.

"Hajakonda, anatunzwa," akasema. "Mtoto akinenepa tumboni atatokea wapi? Mama yake huyu nilimwachia akanenepa, na wewe uliona yaliyompata."

Alikuwa hasemi uongo. Anaamini kabisa kwamba ulikufa kwa kushiba.

Nakumbuka mimba yako vizuri kuliko nyumba niliyolala jana. Mama yetu alikuwa ameshafariki, mumeo yuko Tanga anatafuta pesa ya kodi, na wewe uko Ihanja chini ya mkono wa mkwe. Nilikuwa nikija kukusaidia kupalilia uwele. Tulikuwa tukiinama shambani, wewe unasimama mara kwa mara kushika kiuno, nami nakutania kwamba unatembea kama mke wa mtemi. Mayai ulikatazwa, eti mtoto atazaliwa bila nywele. Maziwa ulikatazwa, eti yatamgandia mtoto mwilini. Asali ulikatazwa, sababu yake hata sikuwahi kuambiwa. Ng'ombe walikuwa wanakamuliwa mbele ya macho yako kila asubuhi, na maziwa yanapita puani mwako kwenda kwa wanaume na watoto. Wewe ulikuwa unakamua, unakabidhi, unanawa mikono.

Nesi wa zahanati ya misheni naye akaja na mizani yake. Mwanzoni tulimcheka. Mizani tuliyoizoea ilikuwa ya wenye maduka, wanapimia ngozi na nta. Leo mke wa mtu apandishwe juu yake kama mzigo? Lakini ulikwenda, kwa sababu ulisema unataka kujua mtoto yukoje. Mara ya pili nesi akaona mshale wa mizani haujasogea. Akakufoka mbele ya wanawake wote. Akasema, "Nyumbani kwenu hawakupi chakula? Ukija tena hivi nitakuja mwenyewe kuongea na mkwe wako."

Ulirudi umeinamisha uso. Hukuogopa njaa, uliogopa nyumba kusemwa. Mgeni wa misheni asimame uani kwa mkwe wako, majirani wasikie kwamba mwanamke wa ukoo huo anashinda njaa? Kwako hiyo ilikuwa aibu isiyobebeka. Na ndiyo maana siku iliyofuata ya kliniki ukaokota mawe.

Uliniambia mwenyewe, wiki chache kabla ya kujifungua, tukiwa tumepumzika kwenye majabali karibu na shamba. Ulikuwa unaokota mawe njiani, laini ya saizi ya yai, unayafunga kwenye kitambaa kiunoni chini ya nguo, unapanda mizani. Nesi anafurahi, anakusifu, anasema ratili zimepanda vizuri, mama huyu anasikia. Ukirudi unayamwaga kichakani. Kila safari unaongeza mawili matatu. Kwetu mawe hayakosekani. Ulicheka mpaka ukakohoa. Mimi nikakuuliza, "Na mkwe wako anasemaje?" Ukaacha kucheka. Ukasema kila ukirudi anakuuliza wamesemaje huko, nawe unamwambia uzito umepanda, na kesho yake anapunguza uji.

Dada, hebu fikiri ulichokuwa unafanya. Nesi anaona unanenepa, anaacha kukuuliza. Mkwe anasikia unanenepa, anakunyima. Mawe yale yalikuwa yanakula chakula chako. Nimekukasirikia kwa hilo miaka yote hii na bado sijaacha. Ungeweza kusema. Ungeniambia niibe yai, ningeiba. Lakini ulilelewa vizuri mno, na sifa ya kulelewa vizuri ndiyo uliyozikwa nayo.

Na nesi simwachi. Alikufunua kope mbele yangu, siku ile nilipokusindikiza kufuata dawa ya homa, akaona ndani pameparara, pako peupe kwa kukosa damu. Alikuona mikono ilivyokonda. Lakini mizani ilikuwa imeshamwambia mambo mengine, akaiamini mizani akayaacha macho yake.

Ulijifungua asubuhi, mtoto mdogo kama panya wa shambani, akatoka bila taabu kama mkwe wako alivyotaka. Tukashangilia. Kisha damu ikaanza kutoka, na mwilini mwako hamkuwa na ya akiba. Kabla jua halijasimama ulikuwa umekwenda. Matangani walisimama mmoja mmoja kukusifu. Walisema ulikuwa mvumilivu, hukuwa na makuu, ukipewa unapokea, usipopewa hunung'uniki. Nilitamani kuwarushia vigoda.

Basi nikiwa nimekaa pale Ihanja juu ya kigoda, mwanao anakombeleza uji kwa kidole, bibi yake ananiambia ulikufa kwa kushiba, nikafungua mdomo. Nilimweleza yote: mawe, kitambaa na kichaka. Sikupandisha sauti, lakini sikumficha kitu.

"Nesi mwenyewe alisema amepanda," akasema.

"Mawe ndiyo yaliyopanda, mama. Yeye alikuwa anashuka."

Aliangalia mikono yake. Mimi nikamshika Mwanaidi mkono, nikamwambia afunge nguo zake, tunaondoka. Bibi yake hakutuzuia wala hakutuaga. Watu wa Ihanja mpaka leo wanasema nilimwiba mjukuu wa watu mchana kweupe. Ni kweli, nilimwiba.

Huku kwangu ni jirani na zahanati. Yule nesi wa zamani alishaondoka, yupo mwingine, mwanamke wa Iramba, mkali lakini ana macho. Na hapa unicheke kidogo, maana mimi na hasira zangu nilianza kumshindilia mwanao. Ugali asubuhi, ugali mchana, karanga katikati, maziwa kila nikimwona mikono mitupu. Alipopanda mizani nesi akaniita pembeni.

"Mama, huyu unamlisha au unamnenepesha kama beberu wa sikukuu?" akauliza. "Uzito upande polepole, kila mwezi kidogo. Ukiruka ghafla na miguu ikivimba, hiyo nayo ni hatari. Mpe maziwa, kunde, mboga za majani, yai, na umwache atembee. Ugali wa mtu mmoja unamtosha."

Niliona haya, lakini nilimpenda. Tangu hapo tunakwenda hivyo hivyo. Mashavu yamerudi. Kope zake nazifunua mwenyewe, ndani ni pekundu. Siku za kliniki namkagua kiuno kabla hatujatoka, naye ananicheka, ananiita askari wa Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya.

Juzi mchana tulikuwa uani tunapukuchua kunde nikaona mtu anakuja taratibu na fimbo. Alikuwa mkwe wako. Kutoka Ihanja mpaka hapa kwa miguu yake ile, sijui alipumzika mara ngapi njiani. Begani ana kibuyu. Nilisimama, hasira nayo ikasimama, nikasema shikamoo kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa. Akaitikia. Hakukaa. Alikishusha kibuyu akampa Mwanaidi. Maziwa ya mgando, yale yale uliyokatazwa wewe, ya ng'ombe wa boma lake.

Mwanaidi alitaka kwenda kuleta vikombe atugawie. Bibi akamwambia, "Kunywa wewe."

Akanywa. Wewe unajua vijana, alinywa bila kupumzika, koo linapanda na kushuka, yanamchuruzika kidevuni. Yule mzee amesimama na fimbo anamtazama tu. Kibuyu kilipokuwa kitupu akanigeukia.

"Yule mwingine," akasema, hakulitaja jina lako, "hakuniomba hata siku moja. Naye alikuwa anayataka?"

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumchoma kwa miaka yote hii, dada, ningeweza kusema mpaka jioni. Nilipomwangalia usoni nikaona hayahitajiki. Nikamjibu kwa niaba yako, kwa kuwa wewe hukuwahi kulisema neno hilo.

"Alikuwa na njaa, mama."

Akakaa chini, palepale kwenye vumbi.

Lala, dada. Mwanao ameshiba.

Ni mimi,
Mdogo wako uliyemwacha na maneno yako