Kasia Tuliloliruka Murangi

Shamba la mkonge, Tanga

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti la kushoto linaendeleaje? Mihogo ya bondeni imeshika, au ng'ombe wa jirani wameimaliza tena? Sisi huku tu wazima. Mke wangu anakuamkia, watoto wanakuamkia, na yule mdogo ameota jino. Nimeandika herufi kubwa kama zile za darasa lenu la watu wazima, ili usome mwenyewe bila kumwita mtu. Najua siku hizi ukimwita mtu haji.

Ndiyo, Mama, nimeshajua. Dada Nyafuru aliniandikia yote kutoka kwa mumewe kule Bunda. Barua yake ilinikuta kazini, tunalisha majani ya mkonge kwenye mashine, mikono inawasha kwa yale maji yake. Niliisoma nimesimama. Msimamizi akanipigia kelele, "Mafuru, mkanda unakwenda mtupu!"

Tangu siku hiyo nawaza likizo yangu ya mwaka jana. Nilifika nyumbani siku ya pili baada ya wavuvi kumtoa mdogo wangu Bwire majini akiwa hai, amelewa gongo huko kisiwani Rukuba hadi akaanguka kutoka mtumbwini. Wewe ulikuwa unalia tu. Mimi na maneno yangu mengi ya mjini nikasema tusilie, tuungane, kwa sababu Bwire hakuwa peke yake. Nikazunguka Murangi yote, kwa wenye mitumbwi, kwa walimu, kwa akina mama, kwa makanisa yote mawili. Hata Mzee Majura mwinjilisti na yule katekista, ambao miaka yote walisalimiana kwa kope, wakakaa benchi moja. Nilijiona mtu mkubwa sana. Wakanipa ukatibu kwa sababu ya mwandiko wangu.

Sheria niliiandika mimi: nyumba itakayokutwa na gongo au bangi itengwe, isisalimiwe, isipewe moto, mtu wake asipewe nafasi mtumbwini. Mwalimu mkuu akauliza, "Na mzazi akiteleza mara moja tu?" Nikasimama mbele ya watu nikasema asiachwe mtu, hata mama yangu. Watu wakapiga makofi. Nawe ulipiga, Mama, nilikuona. Kisha wazee wakalaza kasia njiani, tukaliruka mmoja mmoja kufunga kiapo. Zamu yako ilipofika ulinishika bega kwa sababu ya goti.

Na sheria ilifanya kazi, hilo ndilo linaloniuma. Nyafuru anasema vijana wa ufukweni wamerudi kwenye nyavu, na wanywaji wa mchana hawaonekani. Wakikuachia wewe kesho, keshokutwa kila nyumba itataka kuachiwa. Nawezaje kuwaambia waivunje?

Lakini wewe hukuwa unauza. Nyafuru ananiambia ulivyomweleza: "Nilikuwaga nampa Bwire kikombe kimoja jioni, mwanangu, akae ndani, asivuke kwenda Rukuba. Nilimwona akizama mara moja, sitaki kumwona tena." Ulimpunguzia kidogo kidogo, ukafika nusu kikombe. Kama ungeniuliza mimi katibu, ningekukatalia, na leo ningekuwa mjinga mwenye haki. Wakakuta chupa chini ya kitanda chako, wakakutenga. Bwire akakosa mtumbwi Murangi nzima. Basi akaenda Rukuba, ambako hakuna aliyeruka kasia. Tulimfukuzia kulekule tulikokuwa tunamzuia.

Nimemwandikia Mzee Majura kumwomba. Alijibu kwa upole, na upole wake ndio umenimaliza: "Mafuru, hata sisi tunaumia. Tukipitaga kwa mama yako tunaangalia chini. Lakini kiapo unakijua, kukifungua lazima wote tulioruka kasia kwenda ndio tuliruke kurudi. Wote tupo, umekosekana wewe tu. Njoo hata siku moja."

Siku moja! Huku sabuni imerudi madukani na mitumba imejaa sokoni, watu wanasema dhiki imekwisha, ila shamba lenyewe linauzwa. Mwenye shamba mpya anakuja kuhesabu watu, na hakuna anayejua ni lini. Asiyekuwepo siku hiyo hana kazi, na nyumba ya kambi anaihama. Nimeomba ruhusa mara mbili. Mara ya pili karani hakuinua hata kichwa. Nikija, wajukuu zako watalala wapi? Nisipokuja, wewe utakaa hivyo hadi lini? Nalizungusha swali hili kutwa nzima, Mama. Sijawahi kushindwa hivi.

Nikuambie kitu, usinicheke. Jumapili, mke wangu alipokuwa kanisani na watoto, nilikilaza kijiti cha ufagio mlangoni nikakiruka kurudi ndani. Nikasimama pale kama mwendawazimu. Najua hakihesabiki. Bega lilikuwa jepesi mno.

Barua hii naipitishia kwa Nyafuru. Yeye hakuapa, atakuja nayo hadi ndani, na atakuchotea maji siku atakazokaa.

Hapa mwisho huwa nakutuma salamu: kwa shangazi, kwa mwalimu mkuu, kwa Mzee Majura, kwa yule jirani wa kinu. Safari hii nilikwishaanza kuandika majina yao, nikakumbuka kuwa ukibisha hodi kwao hakuna atakayekuitikia. Basi zote zikae kwako. Yake Bwire iweke kando. Akivuka kurudi, mpe. Yeye ataitika.

Ni mimi mwanao, uliyenishika bega,

Mafuru