Kwa Dada Brashi, Aliyemchora Mama na Fahali

Mwaka umetimia, Dada Brashi, tangu asubuhi ile muuguzi alipotoka wodini ameshika miwani yako, nasi tukaelewa kabla hajafungua mdomo.

Wengi walikujua kwa picha zako, lakini wachache wanajua zilikoanzia. Ulikuwa msichana kwenye karakana ya fundi wa mabango, ukichora ng'ombe wa mabucha na vichwa vya wanawake wa saluni. Siku moja mbao zikapungua, fundi akakupa ubao mmoja ufanyie kazi mbili, kisha ukatwe katikati. Ulipomaliza ulirudi nyuma hatua tatu, ukamwona yule mwanamke amesimama bega kwa bega na ng'ombe, wote wawili wakikutazama. Ukakataa katakata ubao kuguswa na msumeno.

"Sasa mwenye bucha nimpelekee huyu bibi wa nywele?" fundi akafoka.

"Mwambie ni mteja, amekuja kununua nyama."

Tangu hapo hukuchora kingine. Mfagiaji wa stendi ulimchora na mbwa wake watatu, waliokuwa wakimsindikiza kazini alfajiri wakati hakuna binadamu aliyejali kama atafika. Mkunga ulimchora na paka kilema aliyemfunga mguu kwa bendeji. Watu walipokuuliza kwa nini kila mara mnyama, ulikuwa na jibu moja. "Nikimchora mwanamke na mumewe, mtaniuliza mume anafanya kazi gani. Nikimchora na mbwa, mtamtazama yeye."

Lakini aliyekutia moto huo alikuwa mama. Baba alipofariki ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba zetu wadogo walikuja kumchukua fahali wetu wa kulimia, wakisema hakuna mwanamume wa kumwongoza. Mama akavaa koti la marehemu na buti zake, akaingia zizini. Fahali akampasua mkono kuanzia kiwiko hadi karibu na kiganja. Mama akaufunga kitambaa, akarudi zizini. Msimu ule alilima mwenyewe, na wewe ulikuwa mbele ukivuta kamba, kila mara ukigeuka kumtazama. Ulituambia kwamba kila mwanamke uliyemchora ulimwona kutoka pale ulipokuwa: wewe chini, pembe juu yako, na uso wa mama juu ya pembe.

Kazi yako kubwa ilikuwa ukuta wa chumba cha kusubiria cha kliniki ya wajawazito. Wanawake kumi na mmoja na wanyama wao, miezi saba juu ya ngazi, shingo imekukakamaa. Katikati alikaa mama na fahali wake, mkono wazi, kovu halikufichwa. Wajawazito waligombania benchi lililokuwa chini yake. Mliandikiana na uongozi kwamba ukuta hautaguswa bila idhini yako au ya ndugu zako.

Kisha ukaugua.

Kaka, huyu mdogo wako aliyenitangulia mimi kuzaliwa, alikuja kukuona kila Alhamisi, akisema amepitia kliniki kwanza. Hakukosa hata moja. Ulimuuliza kabla hajavuta kiti, "Ukuta unaendeleaje?"

"Upo, dada. Leo kuna binti wa mimba ya kwanza aligoma kuhama chini ya mama mpaka alipoitwa jina lake."

"Niambie mwingine."

Akakuambia mwingine. Mimi nilikuwa pembeni nakumenyea machungwa, nikajisemea moyoni kwamba sijui kupenda kama kaka.

Wiki ya tano baada ya mazishi, binti yako alikwenda kliniki kwa ajili ya mimba yake. Alitaka kukaa chini ya bibi yake. Akanipigia simu. "Mama mdogo, wamemfuta bibi."

Tulikwenda, mimi na mama. Ukuta ulikuwa mweupe pe, na katikati, pale alipokuwa mama, pamebandikwa tangazo la kunawa mikono. Msimamizi hakubishana. Alifungua jalada akatuonyesha karatasi ya idhini. Sahihi ilikuwa ya kaka. Tarehe ilikuwa wiki ya pili tangu ulazwe. Maana yake, dada, kwa miezi mitano alikusimulia ukuta ambao haukuwepo.

Tulimwita nyumbani kwa mama. Alikuja na tai yake ya kazini, akakaa ukingoni mwa kochi kama mgeni.

"Shuleni waliniita mtoto wa fahali," alisema. "Nilipigana mpaka nikachoka. Kabla tu ya dada kulazwa wakwe zangu wakaenda pale, wakaniuliza yule mama aliyevaa koti la kiume, mwenye mkono uliochanika, ni nani. Nikasema simjui." Akanyoosha tai yake. "Nilikuwa nalinda heshima ya mama."

Mama hakupandisha sauti. Alikunja mkono wa gauni lake, akaulaza mkono wenye kovu mezani mbele yake.

"Heshima yangu hii hapa. Ndiyo iliyokulisha mpaka ukajua kutia sahihi."

Nilidhani hapo ndipo tulipofika mwisho wa kuumia. Lakini Jumapili iliyofuata mwanamke anayesafisha kliniki alikuja kutupa pole. Alipoona tunanong'ona habari za ukuta alishangaa. "Kwani hamkujua? Marehemu alijua. Siku waliyoanza kupaka nilikwenda wodini nikamwambia. Akaniomba nisiwaambie."

Kwa hiyo kila Alhamisi ulipomwambia "Niambie mwingine," ulikuwa unajua. Ulikuwa unamfungulia mlango ili ukweli umtoke, au ulikuwa unamtazama tu anavyozidi kuzama? Nimejiuliza mwaka mzima. Kaka naye nilimwambia. Alishika kichwa, akasema ulikuwa ukimkodolea macho kila akimaliza kusimulia, naye akadhani ni dawa.

Acha nikuambie na la kwako, maana ungekuwa hai ungenikatiza. Kaka alikusaliti wewe, lakini na wewe ulitufungia nje. Tulikuwa pale. Mama angekwenda kusimama mbele ya ukuta ule kwa buti zake zile zile, na mafundi wa rangi wangeshuka ngazi wenyewe. Hukutupa nafasi hiyo. Ulimhifadhi kaka, sisi ukatuachia ukuta mweupe. Nakupenda, dada, na bado jambo hili sijakusamehe.

Kaka aliomba ruhusa ya kuibandua rangi nyeupe. Jumamosi mbili alikwangua kwa kisu, pole pole, kwa mikono yake laini ya ofisini. Rangi yako ilitoka pamoja na ile nyeupe, ikabaki saruji. Alirudi nyumbani vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Mama alimpa maji ya kunawa.

Mjukuu wako alizaliwa salama, wa kike. Ana sauti kubwa kuliko mwili wake. Ungeshamtafutia mnyama.

Unakumbukwa na mama yako mzazi; na binti yako pamoja na mwanawe ambaye hukumwona; na mimi, mdogo wako wa mwisho; na fundi wa mabango, ambaye bado anao ule ubao mzima; na mdogo wako wa kiume, aliyetia sahihi. Mwenyewe alipendekeza tuandike "kaka wa familia." Mama amesema aandikwe hivi hivi, lakini asiachwe.

Tutakukumbuka siku zote za maisha yetu, dada.