Maji ya Moto Yaliyochelewa

Na bado nacheka, Amoit wangu, kwamba swali la seli umemletea bibi harusi! Sisi wazima kabisa. Babu yako mpya, Mzee Okisai, ameniletea ndizi kutoka Malaba, na moyo wa nyanya yako unadunda kama wa msichana.

Unasema jeni hutengeneza protini, na protini ikizidi huizima jeni iliyoitengeneza. Hesabu yako inasema kiwango cha protini kitatulia, lakini ndani ya seli kinapanda na kushuka tu, nawe unataka kuitupa kazi yote.

Ngoja kwanza. Nikiwa msichana kule Moding, kazi yangu ilikuwa kuongeza maji ya moto kwenye chungu cha ajono, pombe yetu ya ulezi, wazee wakinyonya kwa mirija. Siku moja mzee mmoja alikuja na kijana wake, Okisai! Macho yangu yakanasa hapo.

"Wewe msichana, chungu kimekauka!" wazee wakaniita.

Nikakimbilia jikoni, maji yakakawia kuchemka, kisha kwa hofu nikamimina mengi.

"Sasa tunakunywa mvua?"

Nikaacha kuongeza, nikamtazama tena, chungu kikakauka tena. Ikawa hivyo jioni nzima.

"Huyu haoni chungu," Okisai akacheka, "ananiona mimi."

Kazi niliijua, mpenzi. Ni maji tu yaliyofika yakiwa yamechelewa, ndiyo maana chungu kikawa kinafurika na kukauka. Je, hesabu yako imeipa protini muda wa kutengenezwa? Mimi nauliza tu. Jaribu kabla hujaitupa.

Kabla mwezi haujaisha tutakuja wawili, utuonyeshe. Mzee anasema safari hii nimtazame nitakavyo, hakuna chungu.