Keki ya Kumuaga Verna

Ostby, Minnesota
Machi 14

Kwa dada yangu mpendwa Ardis,

Pokea salamu tele kutoka huku kwenye theluji. Nyonga yako inaendeleaje? Na shemeji Walt, bado anacheza gofu juani bila kofia? Mimi ni mzima, ila goti linanisema kila ninaposhuka ngazi. Najua utashangaa kupata barua na simu ipo. Kwenye simu, dada, wewe huongea nami huitikia, na safari hii nina habari ambayo lazima niimalize.

Nilikuambia kwamba maktaba imeanzisha darasa la wazee kuandika maisha yao, ukasema ni njia nzuri ya kupitisha muda hadi nyumba yangu iuzwe nihamie kwenu. Tunakutana kila Alhamisi katika chumba cha chini cha kanisa, maana maktaba haina birika kubwa la kahawa, na watu wa hapa bila kahawa hawakumbuki kitu. Mwalimu wetu ni binti anayeitwa Renata, ametoka Chicago. Siku ya kwanza alitupa sharti moja: mtu akimaliza kusoma, wengine waseme asante tu, asisahihishwe na yeyote. Sharti hilo karibu limtoe Inga Moen roho. Unamjua Inga, hakuna ndoa ya mji huu asiyojua ilifungwa lini na kwa nini ilifungwa haraka.

Renata alichukua kurasa zetu akaenda kuzisoma, na wiki iliyofuata akarudi na uso wa mtu aliyepoteza pochi. Alitueleza kwa upole kwamba amezisoma zote na hajamkuta mwandishi hata mmoja. Basi unajua tulivyolelewa huku, anayejisema anajiona. Kila mtu alikuwa ameandika maisha yake na yeye mwenyewe akakaa nje. Inga aliandika habari za mama mkwe wake. Jirani yangu, mzee Orvald Hovde, aliandika habari za trekta lake tangu liliponunuliwa hadi lilipokufa, na marehemu mkewe alitokea mara moja tu, akileta spana. Renata alimuuliza yeye alikuwa wapi miaka yote hiyo. Orvald alifikiri sana, kisha akajibu kwamba alikuwa juu ya trekta.

Zamu yangu ikafika. Mimi nilikuwa nimeandika habari ya ile tufani ya theluji, paa la banda lilipoanza kubonyea, ukaingia na kofia ya baba kichwani ukawatoa ng'ombe wote, ukiwafokea kama sajini. Nilisoma vizuri, na nilijivunia kidogo. Renata alisema asante, halafu akaniinamia.

"Mama Verna, huyo Ardis sasa namjua mpaka soksi zake. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimeshika taa," nikamwambia.

Walicheka mpaka Inga akamwaga kahawa. Nami nilicheka nao, ila nilipofika nyumbani kicheko kilikuwa kimekwisha. Nilikaa jikoni nikajaribu kukumbuka ni nani aliyesema nyumba hii iuzwe. Nilikukumbuka wewe ukisema huko kwenu Arizona joto lake linafaa kwa viungo, na kwamba Walt ameshapaka chumba changu rangi ya waridi, na mimi nikiitikia haya, haya, sawa dada. Ulifanya hivyo kwa mapenzi, sikulaumu hata kidogo. Lakini niliona wazi kwamba nilikuwa nimeshika taa tena, na nilihuzunika.

Kwa kazi ya mwisho, Renata alitaka kila mtu aandike jambo moja analolitaka yeye mwenyewe, bila kujificha nyuma ya jirani, ng'ombe wala injini. Siku ya kusoma ikaangukia ileile ambayo akina mama wa kanisa walikuwa wamepanga kuniaga. Kulikuwa na mabakuli ya viazi na nyama ya kusaga kila meza, na Inga alikuwa ameoka keki ya limau, akaipaka krimu nyeupe na kuandika juu yake kwa herufi za bluu: Kwaheri Verna. Nilisimama mbele ya keki hiyo, nikasoma. Nakunakilia kama ilivyo:

"Mimi sitaki kwenda Arizona. Napenda baridi. Napenda nyumba yangu, pamoja na ngazi zake. Dada yangu nampenda sana, na nampenda zaidi akiwa mbali kidogo."

Hakuna aliyekumbuka kusema asante. Kisha mzee Orvald akainuka polepole, akachukua kisu cha siagi, akakwangua neno Kwaheri lote, akalamba kisu, akarudi kuketi. Likabaki jina langu peke yake. Inga alifumbua kinywa, maana herufi zile zilikuwa zimemtoa jasho. Renata akamtazama.

"Asante," Inga akasema.

Tukala. Unajua tabia yetu, kipande cha mwisho hakina mwenyewe. Kitakatwa nusu, na nusu ya nusu, hadi kibaki cha kumpa shomoro. Kilichobaki siku hiyo ndicho chenye jina langu. Inga alikuwa ameshaweka kisu juu yake akigawe, nikamwambia akiache. Nikakila chote, Ardis, mbele ya watu.

Basi sitakuja kuhamia huko. Dalali nimemwambia aje ang'oe bango lake mbele ya nyumba. Najua chumba kimeshapakwa rangi na najua utakasirika. Ukikasirika niandikie, usipige simu, ili nami nipate nafasi ya kujibu. Pasaka nitakuja kukutembelea, nilale humohumo kwenye waridi lenu. Ulinitangulia katika kila jambo, dada, na sikuwahi kuona vibaya. Hili moja naomba unishikie taa wewe.

Nisalimie Walt, umwambie avae kofia. Orvald anawasalimu. Kusema kweli hakutamka, alitikisa kichwa tu tulipokuwa tukizoa theluji mlangoni kwangu, lakini kwa Orvald hiyo ni hotuba. Huku kwetu kwema, na baridi ni kali kama ninavyoipenda.

Mdogo wako akupendaye,
Verna